Eskaveta yazima skrini na kushuka resi ikishapata moto: kontrola imekufa ama ni waya?

#1 Mchanga_Mazeras
Waungwana salaam. Nina eskaveta ya tani 20 na kitu, ya 2011, niliitoa bandarini ikiwa used. Jina la kampuni sitaji maana ikipona naiuza na wanunuzi wenyewe wamejaa humu 😂. Shida yake ni hii: asubuhi yawaka vizuri, yachimba vizuri, ikishapata moto kama saa moja hivi, opareta akiinua bumu ama akizungusha mashine kwa nguvu, skrini yaganda, resi zashuka zenyewe, swichi ya kuongeza resi haisikii tena, halafu yaandika communication error na namba 639 FMI 9. Ukizima funguo ukangoja kidogo ukawasha, yarudi kama hakuna kilichotokea. Fundi wa kwanza asema kontrola ya injini (kompyuta yake) imekufa, na yeye anayo moja used ya laki mbili na themanini. Wa pili asema ni monita. Wa tatu hakusema kitu, alichukua elfu tatu ya "kuskani" akaenda zake. Nimuamini nani kabla sijatoa hela?

#2 Kidole_Kimoja
Wa tatu. Yeye angalau hajakudanganya.

#3 FundiVolti24
Usinunue kitu bado. 639 si namba ya kontrola, ni namba ya mtandao wenyewe. Kwenye J1939, ile lugha ya mawasiliano ya malori na mitambo, hiyo SPN (namba ya kitu kinacholalamikiwa) 639 ni ule mtandao namba moja ambao kontrola ya injini, ya pampu na monita zaongelea, na FMI (aina ya kosa) 9 maana yake ujumbe uliotarajiwa haukufika kwa wakati wake, basi. Haisemi nani amekufa. Tena anayelalamika mara nyingi ndiye mzima, yeye amekaa angoja salamu za mwenzake hazifiki ndo akaandika folti, kwa hivyo swali la kwanza ni namba hiyo imeandikwa na sanduku gani. Kama monita ndiyo yamlalamikia injini na injini haina lalamiko lolote, hapo waanza kuangalia njia ya kati, si kununua masanduku.

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Zima funguo, zima swichi kuu ya betri, ngoja dakika kadhaa masanduku yalale. Tafuta soketi ya duara ya pini 9, weka mita kwenye ohm, pini C na D. Ukipata 60 ama karibu yake, njia iko sawa kwa wakati ule. Ukipata 120, upande mmoja umekatika au resista moja ya ohm 120 (kizuizi cha umeme cha mwisho wa njia) haipo. Ukipata 40, kuna mtu ameongeza ya tatu. Ukipata sifuri ama karibu na sifuri, waya mbili zimegusana. Leta namba tuone.

#4 Bi_Likoni
Samahani mimi si fundi, mume wangu ndiye mwenye mashine. Kama resista ni za 120, iweje mita isome 60?

#5 FundiVolti24
Ziko mbili dada, moja kila mwisho wa njia, na zimefungwa sambamba. Mbili za 120 sambamba zatoa 60. Zikiwa tatu ni 40.

#6 Opareta_Jaribuni
Kabla ya ohm mimi nauliza jambo jingine, nani alichoma weldingi kwenye hiyo mashine? Huku kwenye mawe baketi yaisha meno kila wakati, fundi wa weldingi aja na jenereta yake anabana arthi kwenye cheni halafu anachoma kule mbele kwenye baketi, betri haijatolewa, plagi za kontrola hazijatolewa, sasa ule moto wote wapita kwenye bumu, kwenye pini, kwenye beringi ya kuzungukia ndo ufike kwenye cheni, na njiani wachungulia kila waya wenye arthi. Mashine niliyokuwa naendesha zamani ilichomwa hivyo siku ya Ijumaa, Jumatatu skrini yawaka nusu. Arthi ya weldingi yafaa ikae karibu kabisa na pale panapochomwa, na betri itolewe. Lakini mwambie mtu hivyo saa kumi jioni akiwa anataka kwenda nyumbani uone atakavyokuangalia.

#7 Kayole_Diesel
Wasee wa Coast shida yenu ni chumvi tu, hiyo mashine imekaa yard ya bandari ikikula hewa ya bahari, fungua plag yoyote uone ile unga ya green. Huku Nairobi hatuna hizo story.

#8 Sheikh_wa_Spea
@Kayole_Diesel huko Nairobi mashine zenu zafa kwa matope ya Athi River na bado mwatafuta chumvi ya kusingizia. Lakini kwa hili umesema kweli. Mzee wa uzi, angalia plagi zilizo chini ya kabini na nyuma ya kiti, hizo ndizo zinazonyeshewa mvua dirisha likivunjika, na pia wale vijana wa kuosha mashine na mpira wa presha hawajui kuna umeme humo. Halafu pima volti za zile waya mbili za mtandao, CAN High yatakiwa iwe 5 na Low iwe 0, ikiwa tofauti waya ni mbovu.

#9 Mwalimu_wa_Ufundi
@Sheikh_wa_Spea hapana ndugu yangu, hiyo 5 na 0 itampeleka mwenzetu kukata waya nzima. Mtandao ukiwa umetulia, waya zote mbili ziko kama volti 2.5. Ujumbe unapopita High hupanda mpaka 3.5 hivi na Low hushuka mpaka 1.5. Sasa mita ya kawaida haina mbio za kuona hayo, yakupa wastani tu, ndiyo maana utaona High 2.6 au 2.7 na Low 2.3 au 2.4, na huo ni uzima. Ukijumlisha mbili zikakaribia 5 mara nyingi uko sawa. Ukiona moja iko kwenye 0 au imepanda mpaka kwenye 24, hapo waya huo umegusa bodi au umegusa moto.

Na @FundiVolti24 ongeza hili, C na D ni kwa mpangilio wa kawaida wa J1939. Baadhi ya Caterpillar hizo waya ziko F na G kwenye soketi hiyohiyo ya pini 9, mtu akipima C na D atasema mashine imekufa kumbe anapima hewa.

#10 Kidole_Kimoja
Mwalimu umeamka. Sasa tuambie historia.

#11 Mwalimu_wa_Ufundi
CAN, huo mtandao wa waya mbili, ilikuwa ya magari madogo. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliitangaza 1986 kule Detroit, lengo likiwa kupunguza mzigo wa waya ndani ya gari. Ikahamia kwenye malori na mitambo baadaye. J1939 ni lugha inayoongewa juu ya waya hizo, nyingi kwa mwendo wa kilobiti 250 kwa sekunde. Sasa rudini kwenye mashine ya mwenzetu.

#12 Mchanga_Mazeras
Ahsanteni. Nimepima leo asubuhi mashine ikiwa baridi, pini C na D, mita yasoma 61. Kwa hivyo waya ni mzima? Weldingi ndiyo, baketi ilichomwa Mariakani kabla ya shida hii kuanza lakini si wiki ileile. Pia kuna traka ya GPS, mkopeshaji alitaka ifungwe, iko nyuma ya kiti imefungwa na mkanda mweusi.

#13 FundiVolti24
61 ikiwa baridi haikuambii kitu kuhusu shida inayokuja ikiwa moto. Ni sawa na kumpima mtu homa asubuhi wakati homa yake yaja magharibi. Fanyisha kazi mpaka ipige folti, zima hapohapo, zima swichi kuu, pima kabla haijapoa. Na mtu wa pili awe anashika wayaringi na kuitikisa polepole kuanzia nyuma ya kiti kushuka chini ya kabini mpaka kwenye injini, wewe macho kwenye mita.

#14 Traka_Out
Umesema TRAKA? Uzi ufungwe, jibu limepatikana. Nimezitoa nyingi hizo mpaka nazijua kwa harufu. Zile za kusoma mafuta na saa za kazi huchomekwa moja kwa moja kwenye waya za CAN, na vijana wa kufunga hawana zile plagi za kuunganishia, wao huchuna waya kwa meno, wanasokota, wanapiga mkanda, kwaheri. Baada ya miezi unyevu umeingia kwenye ule mchuno. Nyingine zina resista yake ndani, ndiyo hiyo 40 aliyoisema fundi. Toa traka uone.

#15 Sheikh_wa_Spea
Akitoa traka mkopeshaji atakuja kuchukua mashine yenyewe, na shida ya mawasiliano itakuwa imekwisha kabisa 😂😂

#16 Babu_Betri
Vijana mwakimbilia ohm na traka, hamjauliza betri. Mashine ni ya volti 24, betri mbili za 12 zimefuatana. Opareta ataka redio na chaji ya simu, fundi wa mtaani achukua 12 kutoka betri moja tu. Ile moja yaliwa kila siku, mwenzake yachajiwa kupita kiasi, mwisho moja ina 11 na ingine ina 14, ukipima zote mbili wapata 25 wasema betri nzima. Hapo stata ikivuta ama alteneta ikianza kutoa umeme mchafu, kontrola zapepesa macho na kitu cha kwanza kulalamika ni mawasiliano. Pima kila betri peke yake. Halafu weka mita kati ya negativu ya betri na pini ya arthi ya kontrola wakati injini ina mzigo, ikizidi nusu volti arthi yako ni mbovu. Waya wa arthi kutoka betri kwenda bodi, ufungue, ukwangue rangi na kutu mpaka chuma king'ae, ndo ufunge tena.

#17 Opareta_Jaribuni
@Babu_Betri sasa tuendeshe mashine siku nzima bila taarab? Tuoneane huruma.

#18 Babu_Betri
Nunua kile kidude cha kugeuza 24 kuwa 12, uzisikize taarab mpaka usiku.

#19 Mama_Kokoto
Salaam. Mimi naweza kueleza yaliyonipata kwa hiyo kontrola ya used, maana naona watu wazichukulia mchezo. Mashine yangu ilikuwa na dalili kama hizi, fundi niliyemwita akaapa ni kontrola, ikaletwa ya used kutoka mashine iliyokatwakatwa, ikafungwa. Haikuwaka kabisa. Kumbe zile boksi kwa nje ni sawa lakini programu ya ndani ni ya modeli nyingine, mtambo haumtambui huyo mgeni, ikabidi atafutwe mtu mwenye laptopu na programu yake, na huyo naye ana bei yake. Ile ya zamani ikarudishwa, mashine ikawaka na shida yake ileile. Mwishowe ni kijana mmoja wa umeme alikuta waya umekwaruzwa na bomba la haidroliki chini ya kabini, pale wayaringi inapopinda, shaba iko wazi kama urefu wa kucha na imegeuka kijani. Kwa hivyo namuunga mkono aliyesema asinunue.

#20 Kayole_Diesel
Si nilisema ni chumvi 😎

#21 Mama_Kokoto
Ilikuwa ni bomba, kijana. Chumvi ilikuja baadaye kumalizia.

#22 Mchanga_Mazeras
Nimerudi. Betri ni 12.5 na 12.4, redio haipo (iliibiwa Japani ama melini, nilipokea tundu). Traka nimeitenganisha kwa ruhusa, mkopeshaji kanipa siku chache. Siku ya kwanza mashine ilifanya kazi mpaka jioni bila kelele, nikataka kuja hapa kumshukuru @Traka_Out. Siku ya pili, saa nne asubuhi, ikaganda palepale. Nikafanya alivyosema @FundiVolti24, nikazima nikapima ikiwa moto: 119. Kijana akatikisa wayaringi nyuma ya kiti, hakuna kitu. Akaenda upande wa injini, akiigusa ile inayoingia kwenye kontrola mita yaruka 61, yarudi 119, yaruka 61. Ikipoa yakaa 61.

#23 FundiVolti24
Sasa twaongea. Resista ya upande wa injini yapotea ikiwa moto. Waya umekatika ndani kwa ndani karibu na kontrola, ama pini ya plagi imelegea.

#24 Fundi_Mkopo
Ama resista iko NDANI ya kontrola na ni solda yake iliyopasuka, ikipata moto yaachana ikipoa yashikana. Kontrola nyingi za injini zimebeba resista yake humo humo. Kwa hivyo yule fundi wa kwanza mliyemcheka huenda alikuwa na ukweli.

#25 Kidole_Kimoja
Laki mbili na themanini yachungulia mlangoni.

#26 FundiVolti24
@Fundi_Mkopo yawezekana lakini haijathibitika. Amesema mita yaruka akigusa WAYA, si akigusa boksi.

#27 Fundi_Mkopo
Akigusa waya anavuta plagi, plagi inavuta bodi ya ndani. Mtikisiko ni uleule.

#28 Mwalimu_wa_Ufundi
Tenganisheni pande mbili. Swichi kuu ikiwa imezimwa, chomoa plagi ya kontrola ya injini. Pima pini zake mbili za CAN upande wa boksi, kama resista iko ndani utapata 120. Halafu pima upande wa wayaringi, napo utapata 120 ya mwisho ule mwingine. Upande utakaoyumba ndio wenye ugonjwa. Ila kuna mashine ambazo resista haiko ndani ya boksi, iko kwenye kiplagi kidogo chenye waya mbili tu au kisicho na waya kabisa, kimefungwa kwenye mkungu wa waya na chaonekana kama kifuniko. Mzee wa uzi, unacho hicho?

#29 Mchanga_Mazeras
Kimoja nimekiona nyuma ya kiti, cheusi, ukubwa wa kidole gumba, hakiendi popote. Nilidhani ni nafasi ya redio. Upande wa injini sijaona cha aina hiyo, na pale karibu na kontrola kuna mkanda mpya umezungushwa kwenye wayaringi, si wa kiwandani, unang'aa.

#30 Opareta_Jaribuni
Mkanda mpya kwenye mashine ya 2011! Huko ndani kuna siri ya mtu.

#31 Sheikh_wa_Spea
Panya. Nawaambia ni panya. Mashine ikikaa yadi miezi, panya waingia kwenye kifuniko cha injini kwa sababu kuna joto, watafuna waya, muuzaji akaunga akazungusha mkanda akapiga na rangi. Panya wa Marikiti wakila waya hawachagui High wala Low.

#32 Traka_Out
Ama ndipo traka ya mmiliki wa kwanza ilikuwa. Huko zilikotoka nazo zina traka. Walipoiuza wakaikata wakaunga waya vibaya.

#33 Opareta_Jaribuni
Ama weldingi imechoma ndani ya kontrola na mkanda ni wa jambo jingine kabisa. Msisahau baketi ilichomwa.

#34 Bi_Likoni
Swali. Kwani waya mmoja wa CAN ukikatika, ule mwingine hauwezi kubeba? Mume wangu asema gari lake liliendelea.

#35 Mwalimu_wa_Ufundi
Kuna aina ya mwendo mdogo ambayo hustahimili, ilitumika kwenye milango na taa za magari madogo. Hii ya mitambo ni ya mwendo mkubwa, waya mmoja ukikatika ni kubahatisha, mara ujumbe wapita mara haupiti. Na resista ikipotea upande mmoja mtandao waweza kuendelea kabisa kwenye njia fupi, ila ujumbe unarudi kama mwangwi unagongana na ujao, makosa yanazidi. Ndiyo maana hata ile 119 peke yake hainitoshi mimi kusema ndiyo inayozima skrini. Monita kuganda kabisa ni dalili ya umeme kukatika pia, si mawasiliano tu.

#36 Babu_Betri
NDIO. Arthi. Nimesema tangu #16.

#37 FundiVolti24
Arthi ya kontrola yapita kwenye plagi hiyohiyo babu, kwa hivyo tunaweza wote kuwa sawa. Mzee, fungua huo mkanda mpya polepole kwa wembe, usikate. Ukikuta waya umeungwa angalia kama zile mbili za CAN bado zimesokotwa pamoja, zikiachana urefu mkubwa zaokota kelele za alteneta. Angalia na pini za plagi kwa tochi, pini ya kike iliyopanuka haionekani kirahisi, chukua pini ya kiume ya aina ileile uichomeke moja moja usikie kama inashika. Ikiteleza bila kushika ndiyo hiyo. Usimwagie dawa ya kopo kabla hujapima, utaosha ushahidi.

#38 Fundi_Mkopo
Na boksi ulipashe moto ukiwa na mita kwenye pini zake. Kama huna mashine ya hewa moto, azima blowa ya saluni.

#39 Mama_Kokoto
Blowa ya binti yangu isije ikaombwa na mtu humu.

#40 Mchanga_Mazeras
Huku porini hakuna stima ya blowa. Kesho naipeleka Miritini kwa kijana wa umeme mwenye oskiloskopu (kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme), afungue mkanda mbele yangu na apashe hiyo kontrola moto. Nitaleta picha.

#41 Sheikh_wa_Spea
Picha ya panya tafadhali.

#42 Opareta_Jaribuni
Lobedi (lori la kubebea mashine) kutoka Mazeras mpaka Miritini ni ngapi siku hizi? Nina mashine ya kutoa huku wiki ijayo.

#43 Mchanga_Mazeras
Alitaka ishirini na tano, tumekwama kwenye kumi na nane, na mafuta ya kuipandisha ni yangu.

#44 Opareta_Jaribuni
Nitumie namba yake inbox. Na kama yaganda ikiwa juu ya ngazi za lobedi mtafanyaje?

#45 Mchanga_Mazeras
Naipandisha alfajiri, ikiwa baridi.